Petroli Iliyochelewa

Tangu filamu ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, vijana wengi wa Los Angeles na wa Kariakoo wanaijua nitrasi, gesi ya mtungini ya kuongeza nguvu ya injini, kama kitufe tu: dereva anabonyeza, taa za barabarani zinageuka mistari, gari linaruka. Wengine wanaijua kwa njia ya uchungu zaidi. Hao ni wale waliowahi kushika pistoni yenye tundu katikati, huku mwenye gari akilalamika kwamba gesi imemuulia injini. Makundi haya mawili hayafanani kwa lolote, ila yanakosea mahali pamoja. Yote mawili yanaamini kwamba nguvu, na kwa hiyo hatari, imo ndani ya gesi. Mimi nadhani mambo yako kinyume. Katika mbio za dragi, ambapo magari mawili yaliyosimama sambamba hushindana kumaliza robo maili, yaani mita 402, injini nyingi zinazokufa zikiwa na nitrasi huuliwa na petroli ambayo haikufika kwa wakati. Anayetaka kuitumia gesi hii kwa usalama atapata faida kubwa zaidi akianza kuitazama pampu ya mafuta kabla ya kuuliza bei ya mtungi.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba nitrasi oksidi haiwaki. Kijiti chenye kaa jekundu kikiingizwa kwenye chupa ya gesi hii hushika moto upya, lakini kinachowaka ni kijiti. Gesi inalisha moto wa kitu kingine. Yenyewe si kuni, ni mvukuto. Joseph Priestley aliitambua Uingereza mwaka 1772, na mwishoni mwa karne hiyo kijana Humphry Davy akawa anaivuta mwenyewe huko Bristol na kuandika alivyojisikia, ndipo likaja jina la gesi ya kuchekesha. Madaktari wa meno wakaichukua kwa kutuliza maumivu. Kemia yake haijabadilika tangu hapo: kila molekuli ina atomi mbili za nitrojeni na moja ya oksijeni, kwa hiyo asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, ilhali katika hewa tunayovuta oksijeni ni asilimia 23 hivi. Joto kali la ndani ya silinda huivunja molekuli hiyo, oksijeni ikawa huru, na nitrojeni ikabaki kama mzee wa baraza anayetuliza moto usiende kasi kupita kiasi. Ndiyo maana watu wa dragi hutumia nitrasi badala ya mtungi wa oksijeni tupu, ambayo haina wa kuituliza.

Tofauti ya asilimia 36 na 23 huenda ikaonekana ndogo, lakini kuna la ziada. Gesi hii hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na kimiminika kidogo kina gesi nyingi. Inapotoka kwenye nozeli na kugeuka mvuke hufyonza joto, maana huchemka katika nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo hewa inayoingia kwenye injini hupoa kwa makumi ya nyuzi na kubanana zaidi. Injini inapata oksijeni mara mbili, ya gesi yenyewe na ya hewa iliyopoa. Marubani wa kijeshi waliliona hili kabla ya madereva. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walikuwa na mfumo walioupa jina la GM-1, uliofungwa kwenye ndege kama Messerschmitt Bf 109 na Junkers Ju 88 kwa ajili ya kuruka juu sana ambako hewa ni nyembamba, na Waingereza nao mwaka 1944 waliweka nitrasi kwenye baadhi ya ndege za Mosquito za kuwinda usiku. Anayeendesha gari Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, anaijua shida waliyokuwa wakiikimbia, kwani gari lilelile hupumua vizuri zaidi likiwa Mombasa. Uwanja wa dragi wa Bandimere, karibu na Denver nchini Marekani, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa katika kimo kama hicho cha Nairobi, na timu zilizokwenda huko zililazimika kupanga injini zao upya.

Sasa turudi kwenye ule mvukuto na mhunzi anayeutumia. Akivukuta kwa nguvu huku makaa ni haba, hapati moto bora. Anapata upepo mkali unaokitafuna chuma chenyewe. Silinda ni vivyo hivyo. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, lakini ikipewa nitrasi tupu huhitaji kilo 9.6 hivi tu. Mtungi wa kawaida wa mbio una ratili 10 za gesi, sawa na kilo 4.5. Ukipiga hesabu utaona kwamba gesi hiyo inadai petroli ya ziada inayokaribia nusu kilo, zaidi kidogo ya nusu lita, na mafundi makini huongeza juu ya hapo kwa tahadhari. Nusu lita ni kiasi cha chupa ya soda. Shida ni kwamba haiitwi polepole. Inaitwa kwa vipande vya sekunde chache, wakati uleule injini inakunywa petroli yake ya kawaida kwa pupa kuliko wakati mwingine wowote. Pampu iliyokuwa inatosha jana leo haitoshi. Chujio lililoziba nusu, ambalo kwenye safari ya kawaida lisingeonekana, linaonekana. Hata waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye pampu unaweza kuwa chanzo cha msiba: umeme ukipungua kidogo pampu inapunguza mwendo, presha inashuka, na gesi, ambayo haiendeshwi na pampu bali inasukumwa na presha yake yenyewe, inaendelea kumwagika kama kawaida. Oksijeni ipo tele, petroli haipo. Mwali unakuwa mkali, mchanganyiko uliobaki unalipuka kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, ncha ya plagi inayeyuka, kisha ukingo wa pistoni unaanza kuliwa. Haya yote yanatendeka katika muda ambao dereva hajamaliza kubadilisha gia.

Kwa sababu hiyo kifaa chenye thamani kuliko vyote kwenye gari la nitrasi ni kidogo na hakivutii macho: swichi ya presha ya petroli. Inafungwa kwenye bomba la mafuta, na presha ikishuka chini ya kiwango kilichopangwa inakata umeme wa solenoidi, ile vali ya umeme inayofungulia gesi. Mbio inapotea, injini inabaki. Timu nyingi kubwa huenda mbali zaidi, zikaweka tangi dogo pembeni lenye petroli ya mashindano na pampu yake kwa ajili ya nitrasi peke yake, ili injini na gesi visigombanie bomba moja. Kuna pia mjadala usiokwisha kati ya mfumo wa unyevu, ambao nozeli moja hurusha gesi na petroli pamoja, na mfumo mkavu, ambao hurusha gesi tu na kuziachia injekta za gari kazi ya kuongeza mafuta. Kila upande una watetezi wake. Swali lao ni lilelile hata wakibishana mpaka alfajiri: petroli itapitia mlango gani, na mlango huo una upana wa kutosha?

Upo ubishi mwingine unaopaswa kujibiwa hapa. Mtu atasema: nimeona injini yenye pampu kubwa na petroli ya kumwaga, na bado konrodi ilipinda. Kweli, na sababu yake inavutia. Nozeli ya nitrasi haijui injini inazunguka kwa kasi gani. Inatoa kiasi kilekile kila sekunde. Katika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ya injini ya mapigo manne hujaza tumbo lake mara 50 kwa sekunde. Katika mizunguko 3,000 hujaza mara 25, kwa hiyo kila mjazo unabeba gesi mara mbili, na katika 2,000 ni mara tatu. Dereva anayefungua gesi injini ikiwa bado inanguruma chini anaishindilia silinda shibe ambayo chuma hakikuandaliwa kuibeba, hata kama petroli imefuata kwa uaminifu. Hapo kosa si uhaba, ni wakati. Dawa yake ni swichi ya dirisha, inayoruhusu gesi kati ya mizunguko fulani na fulani tu, tuseme kuanzia 3,000, pamoja na swichi ya kwenye pedeli inayohakikisha kwamba dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Dirisha hilo lina kizingiti cha juu pia, na hapa tunarudi kwa petroli. Magari mengi huzuia injini isizunguke kupita kiasi kwa kukata mafuta. Gesi ikiwa bado inatoka wakati kompyuta imekata mafuta, umetengeneza kwa mkono wako ule uhaba tuliokuwa tukiukimbia. Kwa hiyo gesi lazima ifungwe kabla injini haijafika huko.

Mtungi nao una namna yake ya kuleta uhaba, na wengi hawaitarajii. Presha ya nitrasi hufuata joto. Katika nyuzi 20 za Selsiasi ni kama ba 50, katika nyuzi 30 ni kama ba 63, na jeti za nozeli hupangwa kwa presha ya ba 62 hadi 65 hivi, ambayo kwenye geji za Kimarekani husomeka 900 hadi 950. Mtungi ukipoa, gesi inatoka kidogo na petroli inazidi. Gari linakuwa zito, moshi mweusi unatoka, lakini hakuna kilichovunjika. Ukipata moto, gesi inaongezeka na petroli inabaki palepale. Uhaba umerudi kwa mlango wa nyuma. Juu ya nyuzi 36.4 mambo yanageuka zaidi, kwani gesi hii haiwezi tena kukaa kama kimiminika hata ikibanwa vipi, na presha ya mtungi uliojaa hupanda haraka. Buti ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam mwezi Februari hupita joto hilo bila taabu. Blanketi la umeme lenye kidhibiti cha joto ndilo la kupashia mtungi siku za baridi, na kwenye jua mtungi hufunikwa. Kuna watu wamewahi kuupasha kwa moto wa gesi ya kuchomelea. Sina la kuwaambia hao ila waache leo.

Hata mkao wa mtungi una maana. Ndani yake kuna mrija unaoshuka mpaka chini kuchota kimiminika. Gari likiondoka kwa kishindo kimiminika hukimbilia nyuma, kwa hiyo mtungi hulazwa kichwa kikielekea mbele na kuinuliwa kidogo, lebo ikitazama juu, ili mdomo wa mrija ubaki ndani ya kimiminika. Ukilazwa kinyume, mrija hunyonya mvuke tupu na injini inakohoa katikati ya mbio. Ule mpuliko mweupe unaoonekana kabla ya taa kuwaka, ambao watazamaji hudhani ni mbwembwe, una kazi hiyohiyo: kutoa mvuke uliokaa ndani ya bomba ili tone la kwanza linalofika kwenye injini liwe kimiminika, si pumzi. Mbwembwe zipo pia, sikatai.

Baada ya petroli kinachofuata ni wakati wa cheche. Mchanganyiko wenye nitrasi huungua haraka kuliko wa kawaida, kwa hiyo cheche ikiachwa palepale, presha hufika kileleni wakati pistoni bado inapanda, na injini inajipiga ngumi. Mafundi hurudisha taimingi nyuma kwa digrii moja hadi mbili kwa kila nguvu-farasi 50 zinazoongezwa, kisha huweka plagi za baridi zaidi zenye mwanya mdogo. Ringi za pistoni hupewa nafasi kubwa zaidi kwenye ncha zake, kwa sababu joto huzirefusha. Ncha zikigusana, hakuna pa kwenda na pistoni hupasuka pale ringi ilipokaa. Injini ambayo haijafunguliwa, ya silinda nne, kwa kawaida hushauriwa kuongezewa nguvu-farasi 40 hadi 60 na si zaidi. Anayetaka kuongeza mia juu yake aanze na pistoni zilizofuliwa. Kwenye daraja la Pro Mod, ambako injini za nitrasi nyingi zina ujazo wa zaidi ya lita 14, mtu hashangai kuona magari yakimaliza robo maili chini ya sekunde sita, lakini pale hakuna kipande hata kimoja kilichotoka na gari dukani.

Msomaji mwenye gari la kisasa ataniuliza kwa nini nahangaika hivi wakati kompyuta ya gari ina kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi. Kihisi hicho ni shahidi, si mlinzi. Kinasoma moshi, na moshi ni habari ya kitu kilichokwisha kuungua. Tena mara nyingi kimoja husoma mchanganyiko wa silinda kadhaa. Silinda saba zikiwa na petroli nzuri na ya nane ikafa njaa, wastani utaonekana wa kupendeza. Kompyuta iliyopangwa vizuri inasaidia sana, inarudisha taimingi na kufungua injekta kwa kipimo, ila inafanya kazi kwa namba ilizopewa, na aliyeipa namba hizo ndiye anayepaswa kujua pampu inatoa nini.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, na linastahili heshima. Ikiwa gesi yenyewe haina hatia, mbona imewahi kulipuka mahali ambapo hapakuwa na petroli? Tarehe 26 Julai 2007, huko Mojave, California, wafanyakazi watatu walikufa na wengine watatu wakajeruhiwa katika jaribio la kupitisha nitrasi kwenye vifaa vya roketi, bila moto wowote kuwashwa. Agosti 2016 kiwanda kimoja cha gesi hiyo Cantonment, Florida, kililipuka na kumuua mfanyakazi. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walielekeza kidole kwenye pampu ambayo huenda iliipasha gesi joto mpaka ikaanza kuvunjika yenyewe. Hayo ni kweli, na yananilazimu kuiwekea hoja yangu mpaka: ninachosema kinahusu injini, si mtungi. Nitrasi ikivunjika hutoa joto, na joto hilo likipata gesi nyingi iliyofungiwa, huivunja na iliyobaki. Kwa hiyo mtungi una sheria zake zisizo na mjadala. Haujazwi kwa kukisia bali kwa mizani, kwa sababu uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi ya kimiminika kutanuka. Haupakwi grisi wala mafuta kwenye nyuzi za vali. Kizibo chake cha usalama, kinachopasuka presha ikizidi, hakibadilishwi na kitu kingine, na hufungiwa bomba la kutolea gesi nje ya gari. NHRA, chama kinachosimamia dragi Marekani tangu mwaka 1951, kinadai mtungi wenye muhuri wa kiwango rasmi cha presha, uliofungwa kwa vyuma vya kudumu na si kwa vibano vya mabomba au mikanda ya plastiki. Sababu si ukali tu. Gesi ikivuja kwenye chumba cha dereva huchukua nafasi ya hewa, na dereva mwenye kizunguzungu katika kilomita 250 kwa saa ni hatari kwa watu wengi. Nitrasi ya magari hutiwa salfa dioksaidi kidogo ili iwashe pua ya anayetaka kuivuta kwa starehe. Si ya hospitali na isidhaniwe hivyo.

Solenoidi inayovuja ni mpaka ambapo hatari hizo mbili zinakutana. Gari limezimwa, vali ya mtungi imeachwa wazi, na gesi inapenya taratibu mpaka manifoldi ikajaa. Mtu anawasha injini asubuhi, na kile kinachopaswa kuungua ndani ya silinda kinaungua nje yake, kofia ya injini ikaruka. Vali ya mtungi hufungwa kwa mkono kila baada ya mbio. Kazi hiyo haichukui sekunde tano.

Wanaopenda tabo, yaani kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini, husema nitrasi ni njia ya mkato, nguvu ya kukodi inayokwisha mtungi ukiisha. Sioni aibu katika kukodi. Tabo hupasha hewa joto kisha hulazimika kuipoza. Nitrasi huja na baridi yake, haina uzito mkubwa, na injini hubaki ya kawaida pale gesi ilipofungwa. Ilicho nacho tabo ni ukweli mmoja ambao mshabiki wa nitrasi angepaswa kuuonea wivu: aliyefunga tabo hujua tangu siku ya kwanza kwamba lazima abadilishe pampu na injekta, kwa sababu gari halitaendeshwa hata kwenda sokoni bila hivyo. Nitrasi hukuruhusu kusahau mpaka siku ya mashindano.

Fundi asiyesahau huanza na jeti ndogo kuliko zote alizonazo. Dereva anakwenda mbio moja, na akivuka mstari anazima injini papo hapo na kuliacha gari lijiendee, kwa sababu kurudi nalo likinguruma kungefuta maandishi ambayo mbio imeyaacha kwenye plagi. Kisha plagi zinafunguliwa moja moja na kupangwa kwa mfuatano wa silinda, kila moja ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa jua. Kauri ikiwa safi na bila alama, anaweza kupanda jeti hatua moja. Ila kwenye silinda ya saba, juu ya kauri nyeupe, kuna vidoa vidogo vinavyometa kama chembe za chumvi. Hizo ni chembe za aluminiamu, na zimetoka kwenye pistoni. Anairudisha ile plagi mahali pake kwenye safu, anawaambia wenzake wafunge mtungi, na anakwenda kuchukua geji ya presha ya petroli.